Ukurasa Mmoja wa Mzee Rafaeli

Juzi binti wa jirani yangu hapa Kamembe alinijia na simu mkononi, machozi yanamtoka, kwamba picha za ubatizo wa mwanawe zimepotea. Nikamuuliza alikuwa ameziweka wapi. Akasema kwenye simu. Nikamuuliza tena: kwenye simu, mahali gani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jana iko wapi. "Si mu simu tu, Maman," akasema. Nilizipata kabla chai yangu haijapoa. Zilikuwa zimehamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ndani ya folda ambayo hakuwahi kuifungua tangu anunue simu ile. Alinishukuru, akaenda zake anacheka, nami nikabaki na hasira ambayo yeye hakustahili.

Nyinyi vijana hamna kosa. Mmezikuta mashine zimeshajifunza kuficha kazi yao. Unabonyeza, picha inakuja. Unabonyeza tena, inaondoka. Na hakuna anayekuuliza imetoka wapi wala imekwenda wapi. Mimi kwa zaidi ya miaka ishirini nilikula kwa kujua hiyo "wapi". Nimestaafu kwa sababu ya macho, maana mtoto wa jicho haogopi diploma ya mtu. Nikiwaambia haya msidhani natafuta sifa. Kuna kosa moja nililifanya, na nataka mlijue hatua kwa hatua, ili lisije likawapata.

Wazazi wangu walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Bukavu. Nilizaliwa huko, nikasomea kupiga taipu kwa masista, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima. Hapa Kamembe nilifungua sekretariati, ndivyo tunavyoviita vile vyumba vya kuchapa barua na kutoa kopi: meza mbili, taipureta moja, benchi la wateja. Kompyuta ilipokuja ilikuwa ya mkono wa pili, imefungwa kwenye blanketi, na ilizungumza Kifaransa tu. Wiki ya kwanza niliiogopa. Nikifunga kazi nilikuwa naifunika kitambaa ili vumbi lisiingie, na kwa kweli ili isinitazame.

Aliyenifundisha ni Mzee Hamadi, fundi wa redio, mtoto wa familia za Waislamu waliofanya biashara na ufundi mjini hapa tangu zamani. Alihamia kwenye kompyuta kwa sababu, alisema, siku hizi mtu redio yake ikinyamaza ananunua nyingine. Alikuwa na maneno machache na miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Siku ya kwanza nilimwonyesha kwa fahari jinsi nilivyopanga folda zangu, akaniambia mule ndani hakuna folda hata moja. Nikadhani ananitania.

Akanieleza kwa stoo ya mpunga ya Bugarama, ambako shemeji yake alikuwa mtunza stoo. Mkulima analeta magunia kumi. Stoo imejaa, hakuna mahali pa kuyaweka yote pamoja. Mtunza stoo anaweka matatu karibu na mlango, manne nyuma, mengine popote anapopata nafasi, kisha anaandika daftarini: ya fulani yako hapa, hapa na pale. Mkulima akirudi anaona magunia yake kumi yanatolewa kwa mpangilio, anadhani yalilala pamoja. Diski ndivyo ilivyo. Barua yako inakatwa vipande, vipande vinawekwa penye nafasi, na mfumo wa kompyuta unatunza daftari linalosema jina hili lina vipande hivi, hiki kwanza na hiki baadaye. Folda nazo ni mistari tu ya daftari hilo.

Halafu akaniuliza: ukifuta faili, mashine inakwenda kutupa magunia? Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Inapiga mstari juu ya jina daftarini, basi. Magunia yanabaki pale pale, hayana mwenyewe, mpaka mkulima mwingine alete ya kwake na nafasi itakiwe. Ndiyo maana kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Na ndiyo maana ukigundua umefuta kitu unachokipenda, unaondoa mikono papo hapo. Huandiki, hupakui kitu, huchezi hata muziki, kwa sababu kila unachofanya ni gunia jipya linalotafuta pa kukaa. Nimewaandikia kwa urahisi. Mimi ilinichukua miaka kuyaelewa vizuri, na siku nilipoyahitaji niliyasahau.

Msinicheke nikiwaambia jinsi nilivyokuwa nazipa faili majina. Mara nyingi nilisahau kumuuliza mteja anaitwa nani, kwa hiyo nilihifadhi kwa nilichokiona: "Koti la kijani", "Mwanamke wa mwavuli", "Huyu anayebisha". Siku Mzee Hamadi alipokuja kusafisha mashine aliisoma orodha ile kwa sauti, jina baada ya jina, na kwa bahati mbaya yule anayebisha alikuwa amekaa kwenye benchi. Akabisha. Tangu hapo niliandika jina la mtu, kazi yenyewe na tarehe, na nawasihi mfanye hivyo. "Mpya", "mpya 2" na "mpya ya mwisho kabisa" si majina.

Mwalimu mmoja wa Bugarama naye alinifurahisha. Nilimchapia ripoti ya ushirika wa wakulima, akasema hahitaji msaada wangu kuinakili, anajua mwenyewe. Akaivuta ile alama ndogo iliyokuwa mbele kwenye skrini, akaitia kwenye flashi, akaondoka. Kumbe alama ile yenye kimshale pembeni ni njia ya mkato tu, inasema faili iko kule. Faili yenyewe ilibaki kwangu. Alifika mkutanoni, watu wamekaa, anaifungua, mashine inatafuta kule ilikoelekezwa na haioni kitu. Alirudi kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwenye kazi hii mkimcheka mtu, chekeni kidogo.

Sasa nifike kwa Mzee Rafaeli. Nimezunguka vya kutosha.

Alikuwa mshona nyavu wa Nkombo. Kisiwa kile kinaishi kwa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na nyavu zao zina matundu madogo yanayotaka vidole vyenye subira. Alivuka siku ya soko, akasubiri kwenye benchi mpaka wateja wote walipoondoka, ndipo akaja kukaa kwenye kiti cha mbao kilichokuwa kando ya meza yangu. Sauti yake ilikuwa imekwisha nusu. Alikuwa na ugonjwa wa koo na madaktari walishamwambia ukweli. Binti yake wa pekee, Imakulata, alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Bugarama, na alikuwa amechumbiwa na kijana wa Bukavu.

Mnajua kwetu siku ya gusaba ilivyo, siku ya posa, koo mbili zikikaa zinatazamana ndani ya hema. Msemaji wa familia anaweza kutaniana na wakwe saa nzima. Lakini kuna maneno ya baba kwa binti yake ambayo hakuna anayeweza kuyatunga kwa niaba yake. Mzee Rafaeli alijua kwamba siku hiyo hataiona.

"Maman Sesiliya," akaniambia, "nataka uandike maneno yangu ya siku ya gusaba. Uandike mu Kiswahili, bakwe ba Bukavu basikie bote. Lakini karatasi hapana. Mutoto akiona karatasi mu nyumba atajua niko nakufa, ataacha kazi, atakuja kukaa na miye. Weka mu mashini. Ikae pale. Siku ikifika utamupa."

Nikakubali. Tulijua watu watatu tu: yeye, mimi, na mkewe, Maman Konsolata. Alikuja siku tatu za soko mfululizo. Alisema polepole, kiganja amekishikiza kooni kama anayesukuma maneno yatoke, nami nikaandika.

Hapa inabidi niwaeleze jambo kuhusu wapiga taipu. Mpiga taipu mzuri hasikilizi. Masista walitufundisha neno liingie sikioni litokee kwenye vidole bila kupita kichwani, maana kichwa kinachelewesha, na tena kina umbea. Nimechapa barua za talaka, maombi ya kazi, mashtaka ya majirani waliogombania mpaka wa shamba, na mteja akishatoka mlangoni sikuweza kukwambia barua yake ilisema nini. Niliangalia kama herufi zimekaa sawa na kama mstari umenyooka. Nilijivunia hilo, na watu waliniletea siri zao kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo katika siku zile tatu, ninachokumbuka vizuri ni kimoja. Siku ya mwisho alisimama katikati, akaomba maji, akanywa kwa shida, akaniambia niutoe mstari nilioandika sasa hivi. Nikautoa. Akatazama mikono yake. Kisha akaniambia niurudishe. Nikaurudisha, na moyoni nikasema mzee huyu hajui anachotaka. Nimeshamwomba Mungu anisamehe kwa sentensi hiyo peke yake mara nyingi.

Alikufa kabla ya miezi miwili kwisha. Harusi ikasogezwa mbele, familia ikakaa kwenye msiba wake. Faili ilikaa kwangu, ina jina lake, kazi yake na tarehe, kama Mzee Hamadi alivyotaka. Nikiiona kwenye orodha nilifurahi kwamba kuna kitu nakitunza.

Siku moja Maman Konsolata akaja kuniambia gusaba imepangwa, imebaki wiki mbili, na kwamba ameshamwambia Imakulata kuwa baba yake alimwachia maneno. Alisema binti hakulia, aliuliza tu lini ataweza kuyaona. Alipoondoka niliifungua faili ile, nikazikuza herufi ili msemaji asome bila kuhangaika, nikahifadhi, nikafunga. Sikuchapa. Mzee alisema karatasi itoke siku ikifika. Wala sikuinakili kwenye flashi. Nilijiambia namtii mzee, yeye ndiye aliyesema ikae pale. Leo naona ulikuwa uvivu wangu uliovaa nguo ya heshima.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na sekretariati yoyote inajua Jumamosi ya msimu wa harusi. Benchi limejaa, wengine wamesimama nje. Familia moja ilitaka ratiba ya gusaba, haraka, gari linawangoja. Sasa, ufundi wetu sisi wote wa kazi hii ulikuwa hivi: huanzi na ukurasa mtupu. Unafungua kazi ya mteja wa jana inayofanana, ambayo pambizo zake zimeshakaa vizuri na herufi zimeshapangwa, unasafisha maneno yake, unaandika ya mteja wa leo. Hiyo ni robo saa umeiokoa. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali.

Nikafungua iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha ya karibuni. Herufi kubwa, nzuri, kama nilivyotaka. Nikachagua yote, nikafuta, nikaanza kuandika: kuwasili kwa wageni, maombi, vinywaji. Mashine yetu ilikuwa na vitufe viwili vilivyokaa jirani. Kimoja, "Enregistrer sous", kinaandika kazi yako kwa jina jipya na cha zamani kinabaki. Kingine, "Enregistrer", kinamwambia mtunza stoo: jina ni lile lile, ila mzigo wake sasa ni huu. Nikabonyeza hicho cha pili. Nikachapa nakala zao, nikafunga, wakashukuru, wakaondoka.

Niligundua alasiri, benchi lilipokwisha watu. Nilitaka kuifuta ile ratiba, nikaitafuta, na jina lililokuja lilikuwa la Rafaeli. Nikaifungua. Kuwasili kwa wageni, maombi, vinywaji. Nilikuwa nimeshaifunga mara ya kwanza, kwa hiyo hata kitufe cha kurudi nyuma hakikuwa na cha kurudisha. Nilikaa pale, mtu akaja kuulizia kopi nikamwambia umeme hakuna, na taa inawaka juu ya kichwa changu.

Bado hapo maneno ya mzee yalikuwa hayajapotea. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mtaanguka. Nilipobonyeza kile kitufe, mashine iliandika ratiba mahali pengine penye nafasi, ikalihamisha jina la Rafaeli liangalie huko. Vipande vya maneno yake vilikuwa bado vimelala palepale vilipokuwa, havina jina. Nilitakiwa kuizima mashine, kuifunika kitambaa na kumngoja Mzee Hamadi. Alikuwa amekwenda upande wa Ruhwa kumtengenezea mtu mashine, angerudi kesho yake asubuhi. Siku moja tu.

Sikuweza kungoja. Nilichomeka modemu, nikaitafuta programu ya kurudisha faili zilizopotea, nikaipakua. Ilikuwa kubwa, ilichukua muda mrefu, nami nikasali rozari huku inaingia. Nikaiweka kwenye mashine ile ile, kwenye diski ile ile. Nikaiwasha, nayo ikaanza kukusanya takataka zote ilizoziona na kuziandika upya, kwenye diski ile ile. Stoo ambayo nilitakiwa nisiingize hata gunia moja, mimi niliiingizia lori zima.

Mzee Hamadi alifika asubuhi. Nilimsimulia yote, naye aliniuliza swali moja tu.

"Ile programu uliiweka wapi?"

Nikamwonyesha. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. Hakunigombeza. Akachukua bisibisi, akaitoa diski, akaenda nayo kwenye karakana yake, akaiunganisha na mashine nyingine ili isomwe tu, isiandikwe chochote. Siku tatu alikuwa anasoma kipande kimoja kimoja. Bahati yetu, faili zile za zamani ziliweka maneno waziwazi, kwa hiyo hata kipande kilichojitenga kiliweza kusomeka. Siku ya nne aliniita.

Alikuwa amepata kipande kimoja. Kilitosha ukurasa mmoja. Kilianza mwanzo kabisa: Mzee Rafaeli anawasalimu wakwe, anawashukuru kwa kuvuka mto Rusizi, anaomba radhi kwamba hayupo kuwapokea. Anaeleza kwamba hakuwa na ng'ombe, alikuwa na sindano ya nyavu, na sindano hiyo ndiyo iliyomsomesha Imakulata. Anataja ubishi wa binti yake ili wasiseme hawakuambiwa. Halafu anamgeukia mwenyewe. Mstari wa mwisho ulikuwa hivi: "Na wewe Imakulata mwanangu, kitu kimoja nataka ukichukue uende nacho, ni kwamba siku ile".

Hapo kipande kilikwisha. Mzee Hamadi alinionyesha kilichokuwa kimekalia nafasi ya kipande kilichofuata. Kilikuwa sehemu ya ile programu niliyoileta kuyaokoa maneno yale.

Nitawaambia pia nilichofanya baada ya hapo, ingawa ningeweza kukinyamazia. Nilirudi kwenye meza yangu nikaumalizia mstari ule. Nilikuwa nimechapa gusaba nyingi, najua akina baba husema nini. Niliandika kwamba siku ile ulipozaliwa nilijua Mungu amenikumbuka, nikaongeza aya mbili za baraka. Ilikaa vizuri sana. Nilipoisoma nililia, mimi niliyeitunga. Nikaichapa, nikaiweka kwenye droo, na ule ukurasa uliokatika nao nikauchapa, nikauweka juu yake. Nilikuwa sijui nitautoa upi.

Imakulata alikuja na mama yake. Alikuwa mwembamba, mrefu, unga wa pumba za mpunga umebaki kwenye kola ya shati. Kabla hajasema kitu alikitazama kile kiti cha kando ya meza yangu.

"Papa alikaa hapa?"

Nikasema ndiyo, hapo. Akakaa, akaweka mikono yake kwenye mbao za pembeni, akaipitisha polepole mbele na nyuma. Nilishindwa. Nilimtolea ule ukurasa uliokatika, nikamwambia yote, kuanzia ile Jumamosi. Maman Konsolata alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Imakulata alisoma. Alipofika mwisho aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.

"Siku gani, Maman?"

"Sijui, mwanangu."

"Lakini alikusemea weye. Uliandika na mikono yako."

Nikamwambia niliandika, ila sikusikiliza. Nilijaribu kumweleza habari za masista, za neno linalopita bila kukaa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia aibu. Nikampa nilichokuwa nacho: kwamba baba yake aliomba maji, kwamba alitoa mstari mmoja akaurudisha. Akaniuliza ni mstari gani. Hilo pia sikulijua. Mwisho nikamwambia, kama anataka, ninaweza kuumalizia vizuri, hakuna mgeni atakayegundua. "Hapana," akasema. "Acha vile viko." Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Kwenye gusaba nilialikwa, nikaenda kwa kulazimishwa na Maman Konsolata. Msemaji wa familia alitaka kukomea pale kwenye ubishi wa binti, ambapo watu wangecheka na mambo yangekwisha vizuri. Imakulata alimtumia ujumbe kutoka ndani kwamba asome mpaka neno la mwisho. Akasoma. Watu walicheka kwenye ubishi. Kisha akasoma, "ni kwamba siku ile," akainua macho. Hema zima lilingoja ageuze ukurasa. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akasema kwa adabu kwamba wanasikiliza. Msemaji akajibu, "Imeishia hapo," akaikunja karatasi, akakaa. Ilichukua muda kabla mtu yeyote hajainua chupa.

Basi, nakilini kazi zenu. Nakilini mahali pawili, na pa tatu pawe nje ya nyumba mnayofanyia kazi. Msiandike juu ya kazi ya mtu kwa kutaka pambizo zake. Mkipoteza, simamisheni kila kitu na mngoje anayejua. Na mtu akikwambia kitu kizito, hata kama kazi yako ni kukiandika tu, simamisha vidole kidogo umsikilize. Hilo la mwisho halimo kwenye kitabu chochote cha kompyuta.

Imakulata anaishi Bukavu sasa, ana watoto wawili. Mzee Hamadi tulishamzika. Kila Imakulata anapovuka kuja kumwona mama yake hupitia kwangu, na kila mara huniletea siku. Mara ni siku baba yake alipouza wavu wake mwenyewe ili alipe ada. Mara ni siku alipompiga kofi, kisha akakaa nje ya nyumba hadi jua likazama. Ananisimulia halafu anangoja, kama labda nikisikia jambo lenyewe nitalitambua.

Mwezi uliopita alikuja akiwa na siku mpya. Alikuwa na miaka saba, wanavuka kuja Kamembe kununua viatu vya shule, upepo ukaingiza maji ndani ya mtumbwi, na baba yake akajifunga naye kiunoni kwa kipande cha wavu, wakizama wazame wote. Alikuwa ameisahau kabisa, ikamrudia akiwa anamvalisha mwanawe viatu.

"Inaweza kuwa ile, Maman?"

Uso wake ulikuwa umejaa matumaini kiasi kwamba neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Angelichukua, angeondoka nalo, angelala usingizi. Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akanioshea vyombo vyangu kwa sababu ya haya macho, akaondoka kuwahi mpaka kabla haujafungwa.

Nilikaa pale pale mpaka chumba kikapoa. Siku ile Mzee Rafaeli aliitaja. Aliitaja polepole, kiganja kikiwa kooni, na labda ndiyo aliyoitoa, akairudisha. Ni mtu mmoja tu aliyeambiwa ni siku gani, na mtu huyo ni mimi.